Kuchora Pikipiki Inayokuja

Muhula ule nilikuwa na uchovu ambao usingizi hauuondoi. Nafundisha watoto viziwi katika shule ya msingi karibu na Otonglo, kwenye barabara ya kutoka Kisumu kwenda Busia. Mwalimu wa viziwi hufundisha kwa mwili mzima, kwa mikono, mabega na uso. Jioni nilikuwa nafika nyumbani sitaki kuongea na mtu kwa lugha yoyote.

Katikati ya muhula, msichana mmoja wa darasa langu aligongwa na pikipiki. Alikuwa anavuka barabara kwenda kwa nyanya yake, anayeuza omena, wale dagaa wa ziwani, pale sokoni. Mwendeshaji alipiga honi. Kila niliyemuuliza sokoni alinitajia hiyo honi, kana kwamba ingemsaidia mtoto asiyesikia. Mguu ulivunjika, akalazwa.

Nilipokwenda kumwona hospitalini, nilimkuta nyanya yake ameketi kando ya kitanda, kanga ameikunja mapajani.

"Mwalimu," akaniambia, "huyu mtoto macho yake ni mazuri kuliko yangu. Na aliangalia. Mimi mwenyewe nilimwona akiangalia upande huu na upande ule, vile mlimfundisha. Sasa mbona hakuiona?"

Nilimshika mkono.

Darasani tulikuwa na bango la usalama barabarani. Kuna mtoto amesimama ukingoni na gari limesimama mbali. Nililitazama Jumatatu iliyofuata nikaona halina maana. Gari la kwenye bango haliji. Watoto wangu walihitaji picha inayotembea, yenye mtu anayeongea kwa ishara.

Mjini, kwenye chumba cha juu ya duka la fundi cherehani, kulikuwa na dada mmoja aliyekuwa akifundisha uhuishaji, yaani kutengeneza katuni, kila Jumamosi asubuhi. Nilijiandikisha. Wanafunzi wenzangu wote walikuwa vijana wa umri wa mwanangu wa kwanza. Walinipisha kiti karibu na dirisha na kuniita Madam.

Somo la kwanza lilikuwa mpira unaodunda. Unachora mpira, unaweka karatasi nyingine juu yake, unazibandika zote mbili kwenye kioo cha dirisha ili mchoro wa chini uonekane kwa mwanga wa nje, kisha unachora tena mpira ukiwa umesogea kidogo. Ukimaliza unapiga kila mchoro picha kwa simu, na programu inazipitisha haraka haraka mpaka jicho linadanganyika. Sekunde moja inakula michoro kumi na miwili. Nilipoambiwa hivyo nilitamani kurudi nyumbani kulala.

Mpira wangu wa kwanza ulipanda na kushuka kama puto. Mwalimu wangu aliutazama, akatazama karatasi.

"Umegawanya nafasi sawasawa, Madam," akasema. "Mpira hauendi hivyo. Ukiwa juu unapunguza mwendo, kwa hiyo michoro yako pale ikaribiane. Ukiwa unaanguka, iachane. Michoro iliyokaribiana ni polepole, iliyoachana ni haraka. Ukishika hilo, mengine yote ni mazoezi."

Nilirudia. Akanionyesha pia kuubonyeza mpira unapogusa chini, uwe bapa kwa mchoro mmoja, ili mtazamaji ahisi uzito. Safari hii ulidunda. Nilicheka peke yangu, na kijana aliyekuwa pembeni yangu akageuka kuona kuna nini.

Jumamosi zilizofuata tulijifunza mengine. Mtu hawezi kuruka kabla ya kukunja magoti, kwa hiyo kila kitendo unakitangulizia kitendo kidogo cha kujiandaa. Unachora kwanza picha kuu, mwanzo na mwisho wa tendo, halafu unajaza za katikati. Nilichora mikono inayotoa ishara ya kusimama, na za katikati zikanitesa kuliko kitu chochote. Nikikosea kidogo mkono uliruka kutoka hapa hadi pale kama wa mtu anayefukuza nzi, na ishara ikapotea. Wakati mwingine stima ilikatika, taa zikazimika na mashine za fundi kule chini zikanyamaza, tukaendelea kuchora kwa mwanga wa dirisha. Nilirudi nyumbani shingo imekakamaa.

Kisha nikafika kwenye pikipiki yenyewe. Niliichora ikija moja kwa moja kwa mtazamaji, ndogo mwanzoni, kubwa mwishoni, na katikati nikaikuza kwa kipimo kilekile kila mchoro. Tulipoipitisha kwenye simu, chumba kizima kilicheka. Pikipiki ilikuja ikipunguza mwendo kwa adabu mpaka ikaonekana karibu kusimama.

"Hii ina heshima sana," mwalimu wangu akasema. "Hapa Kisumu hatuna ya aina hii. Nenda ukaziangalie, Madam. Usichore unachofikiri. Chora unachoona."

Jumatatu baada ya masomo nilisimama ukingoni pale Otonglo, karibu na akina mama wanaouza sukuma wiki, nikanyoosha mkono na kufumba jicho moja. Kila pikipiki iliyotokea upande wa Maseno niliipima kwa ukucha wa kidole gumba. Mama mmoja aliniuliza kama mimi ni mgonjwa.

Nikiwa pale ndipo nilipoelewa. Pikipiki ikiwa mbali haionekani kuja. Inakaa palepale, ndogo, ndani ya ukucha. Inakaa, inakaa, halafu ghafla inajaa mkono mzima na imepita, vumbi liko usoni. Mwendo wake haukubadilika hata kidogo. Kilichobadilika ni jinsi inavyokua machoni. Mtu anayesikia husaidiwa na mngurumo unaopanda. Mwanafunzi wangu alikuwa na macho tu, na macho yalimwambia kile kitu kimesimama.

Nilikwenda moja kwa moja sokoni kwa nyanya yake, nikachuchumaa kando ya meza yake na kumweleza. Alinisikiliza akiendelea kupepeta omena.

"Kwa hivyo aliiona," akasema.

"Aliiona, Mama."

Akaitikia kwa kichwa. Aliendelea kupepeta, kisha akainua kona ya kanga akafuta macho.

Nilichora upya. Michoro mingi mwanzoni karibu haina tofauti, kisha mitatu au minne ya mwisho inakua kwa kuruka. Pembeni mwa picha nikamchora mwanamke anayetoa ishara ya kusimama. Yule msichana aliporudi shuleni, akitembea kwa magongo, nilifunga mapazia ya darasa na kuwaonyesha wanafunzi wote kwenye kompyuta.

Pikipiki ilipojaa skrini, watoto wa mbele walirudi nyuma na viti vyao. Msichana hakusogea. Aliniomba kwa ishara niirudishe. Nikairudisha. Akaomba tena, akasimama, akasogea mbele kwa magongo yake na kunionyesha nisimamishe. Picha ilikuwa bado ya mapema, pikipiki ni kidoa tu barabarani. Akaweka kidole juu yake.

"Hapa," akaniambia kwa mkono mmoja, mwingine umeshika gongo. "Nilianza kuvuka hapa. Ilikuwa ndogo hivi."

Wenzake wakaanza kubishana, mikono ikiruka kila upande. Mmoja akadai lori huonekana hivyohivyo. Mwingine akasema ameona hivyo Awasi, kwa shangazi yake. Sikuwatuliza. Niliketi kwenye dawati la nyuma, nikaacha mikono yangu ipumzike mapajani, nikawatazama wakifundishana.

Sasa wanajua kwamba ikionekana tu, hata kama ni kidoa, unangoja mpaka ipite. Wengi wanangoja. Waendeshaji hawajapunguza mwendo, na matuta ya barabarani tuliyoyaomba hayajawekwa. Kwa hiyo masomo yakiisha natoka nao mpaka ukingoni, jua likiwa bado kali, natoa ishara ya kusimama, nao wanasimama nyuma yangu.