Pointi za Kwenda Unguja ya Bandia

Mwezi uliopita mwenzangu tunayeshona naye chumba kimoja Doornfontein, Johannesburg, mama wa Kikongo kutoka Lubumbashi, alisimamisha cherehani yake akanigeukia. Yeye na mumewe walikuwa wamealikwa na klabu ya likizo, ile unayolipa kila mwezi ukapewa pointi, halafu pointi unazibadilisha kwa siku za kulala hotelini.

"Mama, ninyi mulienda kule fasi ya Zanzibar," aliniambia. "Iko muzuri? Inafaa kumaliza pointi yote?"

Nilimwambia haifai. Akauliza kama chakula kilikuwa kibaya. Nikasema hapana, na kitanda kilikuwa kizuri kuliko changu. Akacheka, akadhani namficha kitu. Wateja wakaingia, tukaacha hapo.

Mume wangu ni mtu wa Unguja, kaskazini. Mimi ni wa Tanga. Tulikutana hapa Johannesburg, tukaoana hapa, na tunaishi Bertrams, jirani na uwanja wa mpira. Yeye ni mlinzi kwenye jengo kubwa la maduka. Siku moja akitoka zamu, msichana mmoja mchangamfu alimsimamisha akampa kikaratasi cha kukwangua. Ameshinda seti ya sufuria, akaambiwa, ila aje na mkewe kuichukua. Tulikwenda. Tulishinda pale tukinyweshwa juisi na kuonyeshwa picha za fukwe, na kila tuliposimama kuaga alikuja mtu mwingine mwenye cheo zaidi. Mwishowe mume wangu alitia sahihi. Sikumlaumu. Katika miaka yake yote ya kuwafungulia watu mlango katika jengo lile, hiyo ilikuwa mara ya kwanza mtu kumvutia yeye kiti.

Mwanzoni pointi zilitufaa. Tulikwenda kwenye kijumba cha kawaida milimani, chenye jiko na mahali pa kuchomea nyama. Mvua haikukatika. Tulijifungia ndani tukacheza karata na binti yetu, nikasukuma chapati, mume wangu akalala usingizi wa mtu asiye na zamu. Pointi zilizokwenda zilikuwa chache, na nikiulizwa habari za likizo, hiyo ndiyo ninayoikumbuka kwa raha.

Kisha klabu ikatutumia picha za hoteli mpya. Ilijengwa porini, mwendo wa nusu siku kutoka Joburg, mbali na bahari yoyote, kwa mfano wa Mji Mkongwe: vichochoro, milango ya nakshi, baraza, na bwawa kubwa lenye mtambo wa kutengeneza mawimbi. Kukaa pale siku tatu kungemeza pointi tulizozilimbikiza miaka miwili.

"Kwa pointi hizo si tungerudi milimani mpaka tuchoke?" nilimwuliza.

"Tungerudi."

"Sasa?"

Kibali chake kilikuwa kimekwama uhamiaji, na akitoka nchini hapakuwa na wa kumhakikishia kwamba ataruhusiwa kuingia tena. Mama yake kule Unguja alikuwa anaumwa miguu, hatoki nyumbani, na kila Ijumaa akipigiwa simu aliuliza lile lile: mnakuja lini? Binti yetu kazaliwa hapa. Kiswahili anakisikia, lakini akijibu ni Kiingereza, na akiwa na wenzake ni Kizulu. Bibi yake alimjua kama sauti inayosema shikamoo halafu inanyamaza.

"Nataka aone," mume wangu alisema. "Akisikia neno baraza, walau ajue ni kitu gani."

Nikaufunga mjadala. Tuliazima gari la rafiki yake, tukaenda.

Getini tulipokewa na vijana wenye kanzu na kofia. "Jambo, bwana!" mmoja alisema.

"Sijambo, kaka. Habari za kazi? Wewe mwenyeji wa wapi?" mume wangu alimjibu, uso umemng'aa.

Kijana alitabasamu akaangalia chini. Kwa Kiingereza alieleza kwamba ni mtu wa Limpopo, jimbo la huku huku, na kazini wamefundishwa neno hilo na mengine mawili tu. Mume wangu akamgonga begani, akamwambia usijali. Tulipofika kwenye mlango mkubwa wa nakshi aliugonga kwa kidole. Ulitoa sauti ya ndoo.

Sitaki kudanganya: mchana ule tulifurahi. Binti yetu alikuwa majini mpaka vidole vikamkunjamana. Shuka zilikuwa nyeupe na hapakuwa na wa kuzifua isipokuwa wao. Pilau ilikuwa na zabibu nyingi na iliki kidogo, lakini sikuipika mimi.

Jua lilipozama tulikuwa kando ya bwawa. Ghafla ikasikika adhana. Mume wangu aliinuka.

"Kuna msikiti hapa?" aliniuliza. Nilimwona alivyofurahi. Akatoa kofia mfukoni, akaifuata sauti kwenye kile kichochoro.

Alirudi upesi. Sauti ilikuwa inatoka kwenye spika iliyofungwa juu ya mnazi wa plastiki, nyuma ya baa. Na sasa ngoma ziliingizwa chini ya adhana, na watu walioshika bia walianza kutikisa vichwa taratibu, wakisubiri muziki ukolee.

Alikwenda mapokezi, nami nikamfuata. Mama wa pale alikuwa na adabu. Alisema wageni wanaipenda, inawafanya wajione wako huko kweli.

"Mama, huo ni wito," mume wangu alimwambia kwa Kiingereza chake cha kazini, taratibu, kama anavyozungumza na wateja wenye hasira. "Watu wanaitwa. Wakija, watakuta nini?"

Yule mama aliahidi kumwarifu meneja. Mume wangu aliswali chumbani, kati ya kitanda na runinga. Binti yetu, aliyekuwa ametuona tukibishana pale mapokezi, aliniambia kwa Kiingereza kwamba Baba asifanye vile tena, watu wanatutazama. Mume wangu alimsikia. Kiingereza hicho anakielewa vizuri.

Kesho yake ilikuwa Ijumaa, akampigia mama yake kwa simu ya picha. Jirani alimshikia bibi simu. Mume wangu akamwambia binti yetu, "Muonyeshe bibi yako mahali hapa," naye akaizungusha simu: ile milango, ukuta mweupe, baraza, vijana wa kanzu wakipita na sinia.

Bibi aliusogeza uso karibu na simu. Kisha akasema, "Mshafika?"

"Nini, mama?"

"Mshafika! Mbona hamkunambia? Mpo mjini hapo?" Sauti yake ilipanda. Tulimsikia akiwaita majirani wengine, akiwaambia mwanawe kaja na mkewe na mtoto, wateremshiwe godoro, atafutwe mtu wa kwenda sokoni kabla samaki hawajaisha.

Mume wangu aliichukua simu kutoka kwa binti yetu.

"Mama, sikiliza. Hatupo Unguja. Hii ni hoteli. Tupo huku huku Afrika Kusini."

"Hoteli?"

"Wameifananisha tu, mama. Ya kutembelea."

Nyuma ya bibi niliwasikia watu wameshaanza kuburura kitu, labda hilo godoro.

"Haya, mwanangu," alisema. "Nyie ni wazima?"

"Wazima, mama."

"Alhamdulillahi. Mpe mtoto salamu zangu."

Binti yetu alikuwa amesimama pale pale, na kwa mara ya kwanza katika safari ile aliongea Kiswahili. "Baba, bibi analia?" Mume wangu alisema hapana. Hatukumalizia siku zetu. Niliomba warudishe hata pointi za siku moja. Walisema zikishatumika zimetumika.

Mama mkwe wangu alifariki muda mfupi kabla ya Ramadhani iliyofuata. Habari zilimkuta mume wangu kazini, mlangoni, akasimama pale mpaka zamu ilipokwisha, kwa sababu hapakuwa na wa kumpokea. Walimzika siku ile ile. Sisi tulisoma khitma chumbani kwetu Bertrams na Watanzania wachache na Mrundi mmoja wa ghorofa ya chini aliyekuja kwa ujirani tu.

Malipo ya klabu bado yanakatwa kila mwezi. Kujitoa tumeshindwa, na kwenda popote hatutaki, kwa hiyo pointi huingia na kufa zenyewe.

Mwaka jana kibali kilitoka. Mume wangu alikwenda Unguja peke yake. Niliporudi naye kutoka uwanja wa ndege nilimwuliza nyumbani kukoje. Alisema mpwa wake ameoa na amehamia mle nyumbani kwa mama, wamekata dirisha upande wa kisimani, na kaburi lina nyasi lakini linajulikana. Nilisubiri aendelee. Aliniuliza kama sare yake ya kazi imepigwa pasi.