Viwiko vya Bibi Tsevelmaa

Bibi yangu Tsevelmaa aliendesha lori la makaa ya mawe miaka ishirini na sita, na sijawahi kumsikia akimwomba mtu radhi, hata lori lenyewe. Jirani yetu Norjin alikuwa mkunga. Wote wawili walizaliwa mwaka mmoja, mwezi mmoja, na waliojua nani alitangulia wamekufa na siri yao.

Basi asubuhi ya Mwezi Mweupe, mwaka mpya wetu Wamongolia, mdogo anapopaswa kumshika mkubwa viwiko kwa chini na kumwamkia, hapakaliki. Wao huamua kwa sataranji, siku ya mwisho ya mwaka. Kila mmoja ameshinda mara tisa. Mwaka jana alishinda Norjin, akamwita Bibi "mdogo wangu" miezi kumi na miwili, hata mbele ya mbuzi.

Safari hii Bibi alijinoa. Tangu vuli alikuwa akicheza kwenye simu yangu na watu asiowajua, akiwatukana kwa sauti.

"Cheza, mdogo wangu, nyama inapoa," Norjin alisema.

"Nyama iache. Mtazame bwana wako anavyotoka jasho."

Na kweli, yule bwana, mfalme wa ubao wetu, alikuwa amebanwa kona na kete mbili za Bibi, gari na ngamia. Bibi akanyanyua farasi, akamkita. "Kwisha! Niite dada!"

Norjin alitafuna taratibu. "Umemuua kwa kete ipi?"

"Kwa far…" Bibi akaondoa mkono kwenye kete.

Kwenye simu farasi huua yeyote. Kwetu farasi hamuui bwana, tangu enzi za mababu; ukithubutu, mchezo ni sare.

"Sare, basi cheo kinabaki kwangu," Norjin akasema.

"Kwa sheria ipi? Ya wakunga?"

Asubuhi walikutana mlangoni na makanzu yao ya hariri. Kila mmoja alinyoosha mikono juu ya mikono ya mwenzake. Ikapanda, ikapanda, mpaka wakawa kama watu wanaoanika ngozi. Buuz, vile vitumbua vyetu vya nyama, zinapoa, hakuna anayeshuka.

Mwishowe Norjin akacheka, akapitisha mkono wa kushoto chini ya kiwiko cha Bibi.

"Mmoja tu. Huu nao kwa sababu umechoka."

"Wangu haujachoka," Bibi akasema, akapenyeza wa kwake chini vilevile.

Wakanusana mashavu kama salamu ya siku hiyo inavyotaka, na sisi tukala.