Nani Alimpikia Msafiri

Mama yangu hakujua kusoma, lakini kila kitabu nilichoingiza nyumbani kilipitia kwake kwanza. Kikiwa cha historia au cha siasa, aliuliza, “Inasema tutarudia kwetu lini?” Kikiwa cha safari, aliuliza, “Nani njo alimupikia?” Kitabu kisichojibu alikiacha palepale, akaendelea kuchambua maharage yake. Kwa mtihani huo, vingi vilianguka.

Tulifika kambi ya wakimbizi ya Nakivale mwishoni mwa miaka ya tisini, tukitoka milima ya Kivu ya Kusini. Baba alikuwa amefariki kabla ya vita, kwa hiyo tulikuwa wawili, mama na mimi, msichana aliyekatishwa shule ya sekondari katikati. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Sisi jembe tulipewa pamoja na turubai na sufuria, na kipande cha shamba Kashojwa. Mama alilishukuru. Alipanda mahindi, maharage, viazi vitamu na mchicha tunaouita lengalenga, yaani kila kinachovunwa upesi. Migomba alikataa. Jirani zetu walikuwa nayo, wenyeji wa Isingiro wanaishi kwa ndizi, na udongo uliikubali. Mama alisema, “Bitoke ni ya mutu mwenye kukaa. Miye niko napita.”

Kwa hiyo swali lake la kwanza halikuwa la maongezi. Shamba letu lilikuwa nusu tupu kwa sababu ya swali hilo. Mvua za Nakivale hazina adabu. Mwaka zinapogoma, mahindi yanakauka yakiwa na urefu wa goti, na mwenye migomba anakula huku asiye nayo akisubiri mgao. Sisi tulikuwa wa kusubiri mgao.

Vitabu nilivipata Mbarara. Nilikuwa nauza vitenge, nikizunguka mitaani, na siku nyingine nikienda hadi Makenke, kwa wake za askari, ambao angalau Kiswahili wanakijua, ingawa walikuwa wakicheka changu. Nikimaliza mzigo nilipita kwa mzee mmoja aliyetandaza vitabu vya mitumba kwenye baraza la duka lililofungwa. Vya Kiingereza vilimtoka, hasa vya shule. Vya Kifaransa vilikaa hadi vikapauka. Siku ya kwanza aliponiona nimeinama, alicheka.

“Nyabo, hii ya Kifaransa hapana mtu nasoma hapa. Beba. Mimi nachoka kulinda.”

Mke wake alipata kitenge, mimi nikapata mfuko wa vitabu, na toka siku hiyo akawa ananiwekea. Kila Jumapili baada ya ibada niliketi uani na kumsomea mama, nikigeuza Kifaransa kuwa Kiswahili nikiwa naenda. Baadaye nikaongeza Kiingereza, nilichojifunza kwa kusoma vibao na makopo ya mafuta ya msaada. Mama alisikiliza kwa heshima. Kanisani kwetu kilichoandikwa husomwa umesimama, na aliamini kwamba mtu aliyejisumbua kuandika kitabu kinene hivyo lazima kuna jambo aliloambiwa.

Nilianza na historia, na nilianzia nyuma. Vitabu vile vina orodha ya majina mwishoni, na mimi nilitafuta kwetu kabla ya kujua kitabu kinahusu nini. Nililikuta ziwa letu. Niliukuta mji mkubwa ulio karibu nasi, na mgodi mmoja ambao baba alifanya kazi kidogo akautoroka. Kilima chetu sikukikuta hata mara moja. Katika vitabu vyote sisi tulikuwa “mashariki”. Hilo liliniudhi, na bado linaniudhi. Nilipokuwa mtoto hatukuwa mashariki ya kitu chochote. Soko lilikuwa chini yetu, kanisa juu yetu, ng'ombe wa watu walipita kushoto, na tulikuwa katikati kabisa.

Tena historia hizo zina tabia ya kuanza pale mgeni anapofika na chombo cha kupimia mto. Kabla yake kuna kurasa chache za watu wasio na majina, wanahama, wanalima, wanahama tena. Babu zangu walikuwepo wakati wote huo, lakini kitabu kiliwasubiri wahesabiwe kwanza. Nimesoma nyingi za namna hiyo hadi mwisho, maana mwenye kiu hachagui kikombe, lakini nimezisoma nikinuna.

Kulikuwa na kimoja chenye ramani ya vita. Ziwa lilipakwa rangi ya kijivu, na mshale mweusi mnene ulipanda toka kusini hadi kaskazini. Mama aliniuliza kwetu ni wapi hapo. Nilipima kwa kidole toka mdomo wa mto, na kidole kikaangukia ndani ya mshale.

“Hii nyeusi ni nini?” aliuliza.

“Ni njia askari walipitia.”

Aliiangalia kwa muda. “Ile iko kweli,” alisema. “Kwetu hakukuonekana tena. Huyu alichora muzuri.”

Kile ndicho kitabu cha historia pekee alichowahi kukisifu. Mimi mwandishi wake nilikuwa nimemkasirikia kwa kuufunika mlima wetu kwa wino, na nilichukua miaka kukubali kwamba mama alikisoma vizuri kuliko mimi.

Vya siasa vilinichosha kwa vifupisho. Kila chama na kila kundi la waasi lina herufi tatu au nne, na baada ya sura chache vita inakuwa ni herufi zinapigana, hakuna anayekufa isipokuwa kwa wingi. Nilikuwa nikimsomea mama, nikifika kwenye herufi nasema “kundi moja”, kisha “kundi lingine”, na nikagundua habari haikupungukiwa na kitu. Sura ya mwisho ya kila kitabu cha siasa inauliza kesho itakuwaje. Hapo mama aliacha maharage, akakaza macho. Mwandishi alijibu kwamba kuna hatari lakini pia kuna matumaini, maneno yanayofaa nchi yoyote na mwaka wowote.

“Basi naye hajue,” mama alisema, na Jumapili ilikuwa imekwisha.

Nilivyovipenda ni vya safari, na ndivyo vilivyonitia hasira zaidi. Mtu anatoka kwao kwa hiari yake, anapita kwenye nchi ambayo wenyewe tuliikimbia, halafu analalamika kuhusu barabara, sura baada ya sura. Matope, daraja lililovunjika, afisa mpenda soda kwenye kizuizi. Barabara hiyo sisi tuliipita kwa miguu, na hatukuandika neno. Lakini huyo huyo mlalamikaji ndiye anayeandika rangi ya kilima asubuhi, namna wanawake wanavyofunga mzigo, jina la majani yanayochemshwa kwa ajili ya kikohozi. Mwanahistoria hana nafasi ya majani. Kwa sababu ya majani hayo nilimsamehe msafiri mambo mengi.

Mama hakumsamehe. Wasafiri wote wanaandika walichokula, na wachache sana wanaandika aliyekipika. Chakula kinatokea tu. Mmoja aliandika kwamba jioni, katika kijiji fulani, alipewa kuku mgumu sana, akamshinda.

“Kuku ya nani?” mama aliuliza.

“Haisemi.”

“Kuku ikiwa nguvu, iko muzee. Iko ya mayai. Mutu alichinja kuku yake ya mayai juu ya huyu, na huyu anailaumu juu ya meno yake.” Alitikisa kichwa. “Nani njo alimupikia?”

Kitabu hakikusema. Toka siku hiyo sijasoma safari ya mtu bila kuuliza hivyo. Ni kipimo kizuri, na ninakipendekeza. Msafiri anayemjua aliyempikia kwa kawaida anajua na mengine.

Ukafika mwaka mbaya wa ukame. Watoto wangu wawili walikuwa wameshazaliwa, wote Nakivale, na mama alikuwa amezeeka magoti. Mteja wangu mmoja wa Masha, mama mwenye shamba kubwa la ndizi, alinipa miche ya migomba, mizuri, na mizizi yake. Niliibeba hadi nyumbani nikiwa na furaha. Mama aliipokea, akashukuru, akaiegemeza ukutani jikoni. Ilikaa hapo. Nilichimba mashimo mwenyewe, akayafukia kimya kimya nilipokuwa Mbarara. Niliporudi, mbuzi wa jirani alikuwa anamalizia majani.

Nilimkasirikia kama sijawahi kumkasirikia mtu. Nilimwambia watoto wanalala na uji kwa sababu ya nyumba ambayo labda haina paa. Alinisikiliza hadi nikamaliza.

“Nikipanda bitoke hapa,” alisema, “ile nyumba ya baba yako nimeiachilia. Batu bataikuta haina mwenyewe.”

Tulikaa wiki nzima tukizungumza kupitia watoto. Ndipo nikaelewa kwamba shamba tupu kwake lilikuwa ahadi. Kuelewa hakukunipunguzia hasira, wala hakukuleta chakula.

Mwaka uliofuata, mzee wa baraza alinipa kitabu kilichoondolewa jalada. Kilikuwa cha mtu aliyezunguka milima yetu baada ya vita, kwa pikipiki na kwa miguu. Nilikianza Jumapili kama kawaida, mama akiwa na maharage yake. Mwanzoni alikuwa mlalamikaji kama wenzake. Karibu na katikati, mvua inamkuta njiani. Anaona kanisa la Kiprotestanti kwenye kona ya barabara, na chini yake nyumba yenye ngazi za mawe. Anaomba kujikinga. Mwanamke anamkaribisha, anamsongea bukari, ugali wetu, na kumpikia sombe ya majani ya muhogo.

Mama aliinua kichwa. “Huyu amesema.”

Niliendelea. Mvua inapoacha, msafiri anaona kwamba ua ule una udongo mweusi mzuri, lakini hamna kitu isipokuwa maharage na lengalenga, wakati majirani wote wana migomba. Anamuuliza yule mwanamke sababu. Naye anamjibu kwamba nyumba si yake. Yeye alikimbia kutoka juu zaidi, nyumba yao ikachomwa, akaikuta hii wazi na akaingia kwa ajili ya watoto. Akipanda migomba, siku wenyewe watakaporudi watasema amewanyang'anya. Kwa hiyo anapanda vya upesi tu, na anawangoja.

Nilikishusha kitabu magotini. Nililia, sioni haya kusema. Mama hakulia. Aliuliza, “Ngazi ni ngapi?”

“Haisemi, mama.”

“Mulango inaangalia wapi?”

“Haisemi.” Nilijikaza nikamwambia kwamba makanisa ya kwenye kona ni mengi kule kwetu, na ngazi za mawe kila mtu alizijenga. Sikutaka ajenge jambo juu ya kitabu kisicho hata na jalada. “Labda si yetu.”

“Hata kama haiko yetu,” alisema, “iko ya mutu.”

Aliweka ungo chini. Aliangalia upande wa shamba letu, ile nusu tupu, hata watoto wakaja kuona kuna nini.

“Sasa, miye sipande sababu ya kule,” alisema polepole. “Na yeye hapande sababu yangu. Nani atakula?”

Alikinyooshea kitabu kidole.

“Andikia ule muzungu. Arudie kwa yule mama, amuambie apande. Aseme mwenye nyumba amekubali.”

Nilimweleza kwamba kitabu ni cha zamani, kimekosa ukurasa wa mwanzo, hata jina la mwandishi hatunalo. Mama alisikitika. Alikuwa amempata msafiri mmoja wa maana katika miaka yote ile, na hakuna namna ya kumtuma. Aliniomba nimsomee tena pale pa sombe, kisha akaenda kulala mapema.

Siku ya soko nilipojiandaa kwenda Mbarara, nilimkuta amevaa kitenge chake cha kanisani, na gunia limekunjwa kwapani. Alisema tupitie Masha kwanza. Yule mteja wangu alitupa miche kwa mara ya pili bila kuuliza ya kwanza ilienda wapi, na mama akaichagua mwenyewe, mmoja mmoja. Mbarara sikufika siku hiyo.

Mashimo yalichimbwa na watoto. Mama alikataa kusaidiwa kupanda, akapiga yale magoti yake mabovu. Mche wa kwanza aliuweka karibu na jiko, akashindilia udongo kwa viganja vyote viwili hadi ukasimama. Kisha akageuka upande wa magharibi, kule kwetu, akasema kwa sauti ya kawaida, kama anazungumza na jirani ng'ambo ya ua:

“Na weye, mama, panda.”

Halafu akaniomba maji ya kunawa mikono.