Diski Tatu na Amana ya Wanawake

Kazi yangu ni kupiga video za harusi, upande wa wanawake. Siku ya kupamba, bibi harusi anapotolewa mbele ya wanawake wenzake, simu zote hukusanywa mlangoni zikatiwa kikapuni, na kamera inayobaki ndani ni yangu peke yake. Wanawake huvua mabuibui, hucheza, hucheka mpaka machozi, kwa kuwa wanajua hakuna mwanamume atakayeiona video ile. Ahadi yangu kwa kila nyumba ilikuwa moja: nakala moja ya bibi harusi, moja yangu, na ya tatu haipo.

Kwa ahadi hiyo nilijiona mwaminifu kuliko watu wote wa Mji wa Kale. Kompyuta ilipojaa nikanunua diski tatu za nje, nikaziunganisha ili kompyuta izione kama diski moja kubwa. Nikaona raha, harusi zote pahali pamoja. Sikujua, na sikuuliza kwa kuwa sipendi kuuliza, kwamba diski zikiunganishwa hivyo, ikifa moja hupotea zote.

Asubuhi moja taa ya diski ya pili ikazimika. Kompyuta haikuona tena harusi hata moja.

Wiki ile ile akaja bibi harusi mmoja wa zamani, sasa anakaa Ganjoni. Nakala yake ilipotea walipohama kutoka Tononoka. Mamake alishafariki, na hiyo ndiyo video pekee ambamo anatembea na kusema.

"Picha za ukutani ninazo, dadangu," akaniambia. "Lakini sauti yake nimeanza kuisahau."

Sikuwa na uso wa kumwambia ukweli. Nikamwomba siku tatu. Aliposhuka ngazi nikalia, kisha nikakasirika, na hasira ndiyo iliyonifaa.

Nikaenda kwa fundi mmoja Makupa. Akaipima diski, akasema huenda kilichokufa ni kava tu, kile kisanduku chenye tundu la waya, si diski yenyewe.

"Niachie, mama. Nikishaifungua nitaangalia kama video zimo."

"Huangalii kitu," nikamjibu. "Nifundishe mimi."

Akacheka, akasema nitaivunja. Nikavuta kiti nikakaa. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, nami siku hiyo nilikuwa tayari kulala kifudifudi. Alipoona siondoki, akanipa diski mbovu ya kwake na bisibisi ndogo. Nikaifungua na kuifunga mara nne, kucha mbili zikavunjika.

Kesho yake nikarudi na kompyuta na diski zangu zote. Niliigeuza skrini ikaelekea ukutani, nikaitoa ile ya pili kwenye kava lake, nikaitia kwenye jipya nililonunua kwake, nikazichomeka zote tatu. Yeye aligeuza kiti chake akatazama malori barabarani, mgongo kwangu, na hakugeuka hata nilipopiga ukelele wa furaha. Nilimheshimu sana mtu yule.

Siku ya tatu nikamwita bibi harusi nyumbani kwangu, tukafunga mlango, nikaiwasha video. Mamake akatokea, akimpachika mwanawe asumini kichwani. Kisha akaitazama kamera.

"Wewe, video hini utaiweka wapi?"

Nikaisikia sauti yangu mwenyewe ikijibu kwa kujigamba, "Pahali pema, mama. Haipotei."

Niliona haya mpaka masikio yakaniwaka moto. Nikaisimamisha video nikamweleza yote, jinsi nilivyoziunganisha diski na jinsi mamake alivyokaribia kunipotea. Nikamwambia nataka kuzitenganisha, kila harusi ikae katika diski mbili, moja kwangu na moja kwa shangazi yangu, ndani ya kabati lake la kufuli. Ila niliahidi kwamba nakala ya tatu haipo, na sitaivunja ahadi hiyo kimyakimya. Nitapita nyumba kwa nyumba, nimwombe ruhusa kila bibi harusi, hata ikinichukua mwaka mzima.

Yeye alifuta macho kwa mtandio, akairudisha video nyuma kidogo, na mamake akauliza tena itawekwa wapi.

"Pahali pawili, mama," akaijibu skrini.