Mkono Wangu na Koti Jeupe la Kapinga

Siku nilipotoka hospitali, yaya Mukendi, kaka yangu mkubwa, alimwambia mke wangu aache masomo, abaki nyumbani kunilisha. Ningeweza kukataa. Nilisema, "Ndiyo, yaya amesema vizuri."

Kabla ya hapo nilikuwa fundi wa mashine hapa Kolwezi, kijana mwenye nguvu, nchi ikiitwa Zaire. Mke wangu Kapinga alikuwa akijifunza kazi ya msaidizi wa ergothérapie, yaani tiba ya kumrudishia mgonjwa shughuli za kila siku: kuvaa, kunawa, kula. Koti lake jeupe la kazi lilikuwa limeshashonwa.

Ndipo kifuniko cha chuma kikaniponda mkono wa kuume karakanani. Kucha ziligeuka nyeusi, zikang'oka. Kidonda kilitoa usaha, kikanuka hata mimi mwenyewe nikageuza uso. Daktari aliokoa vidole vyote. "Kidonda kikifunga tu," aliniambia, "vidole vianze kazi."

Nyumbani nilijaribu kula bukari, yaani ugali, kwa mkono wa kushoto. Yaya akafoka.

"Na kushoto? Mbele ya batu? Muke iko hapa, akulishe!"

"Yaya," Kapinga alisema, "kwetu banatufundisha mugonjwa akule ye mwenyewe, hata akimwanga."

"Kwenu ni wapi? Ku hospitali ao ni hapa?"

Kapinga akanitazama mimi, si yeye. Hapo ndipo nilipotoa ile ndiyo.

Nilipenda kulishwa, sitadanganya. Nilioshwa, nikafungwa vifungo vya shati kama mtoto. Kidonda kilifunga, ngozi ikang'aa, lakini vidole vilikauka vimenyooka kama meno ya uma. Sikuweza kushika hata kikombe.

Mkufunzi wa Kapinga, Mama Marceline, alikuja kumtafuta mwanafunzi wake. Alimkuta akinitia tonge kinywani.

"Citoyen, meno iko?" aliniuliza; siku zile kila mwanamume aliitwa citoyen, yaani raia.

"Iko, mama."

"Basi ni mukono ndiyo ilikufa. Kesho unipelekee ile maiti ku hospitali."

Nilikwenda. Nilitumbukiza mkono katika maji ya moto, nikafinyanga udongo, nikakamua vitambaa, nikaokota maharage moja moja. Maumivu yalipanda hadi kwapani. Nililia. "Lia, tata, lia baba," alisema Mama Marceline, "lakini kamata."

Vidole vilianza kukunjika polepole. Tonge langu la kwanza la bukari liliangukia suruali. La pili nililichovya katika sombe, mboga ya majani ya mihogo, nikalifikisha kinywani, na Kapinga akapiga vigelegele mpaka majirani wakaja kuuliza nani ameolewa.

Alipoomba kurudi masomoni, nafasi yake ilikuwa imepewa mwingine. Baadaye ikapatikana nafasi moja. Karakana ilikuwa imeniachisha kazi. Kapinga akasema, "Enda weye, uko bila kazi. Miye nitauzisha ku soko." Nikaenda.

Nilikuwa nimesoma sekondari, lakini mifupa ya mkono ilinishinda majina. Jioni Kapinga alinihoji huku akisonga bukari.

"Scaphoïde, semi-lunaire. Nani anafwata?"

"Pisiforme?"

"Pyramidal! Uko naruka mutu mu mustari!"

Hakuwa amesahau hata mmoja. Mimi nilijifunza vizuri, na somo gumu kuliko yote lilikuwa kukaa na mikono magotini huku mgonjwa akihangaika na kifungo kimoja, bila kumsaidia. Siku ya kuanza kazi nilivaa koti la Kapinga. Yeye ndiye aliyelipanua mabegani.

Nilifanya kazi hiyo hadi uzee. Watu walikuja kutoka Nzilo, Lubudi, hata Musumba, wengine mikono imekauka kuliko wangu, na wengi waliondoka wakila wenyewe. Namshukuru Mungu, na Mama Marceline aliyenitukana kwa wakati. Wewe mwenye mkono mgonjwa, usikate tamaa: kula kwa kushoto, mwaga, cheka, halafu mpe wa kuume zamu yake. Nanyi mnaomuuguza, mkalieni karibu, lakini mwacheni ashike.

Kwa ile ndiyo nilipoteza vidole viwili, ambavyo havikunjiki mpaka leo. Kapinga alipoteza kazi yake. Aliuza mihogo sokoni hadi alipofariki, na mgonjwa wake wa pekee nilikuwa mimi.