Kikopo Kisicho na Jina na Binti Aliyeninyamazia

Nilikosa, na kosa langu halina wakili. Mwaka mzima nimelifunika kwa poda na maneno mazuri. Leo nalifunua mbele yenu.

Mimi ni mwalimu wa kike katika shule moja ya sekondari hapa Kolwezi. Nilitoka chuoni Lubumbashi nikiamini kwamba darasa laweza kuinyoosha nchi. Niliwafundisha wasichana kuwa ngozi nyeusi haiombi radhi, na kwamba anayejichubua anaikana authenticité, ule uasilia wetu tunaohimizwa kuulinda, pamoja na mama yake mzazi. Na uso wangu, wakati huo, ulikuwa umejaa chunusi!

Wanafunzi hawana huruma. Siku moja nilisikia nyuma yangu: "Uso ya Citoyenne iko sawa karieri. Leo tena balipasua mine!" Citoyenne, yaani mwananchi wa kike, ndiyo heshima wanayoniitia; karieri ni lile shimo kubwa la shaba linalotikisa madirisha yetu likipasuliwa kwa baruti. Darasa lote lilicheka. Nami nilicheka, kisha nikaenda kulia chooni.

Ndipo alipokuja rafiki yangu, ambaye nililala naye chumba kimoja chuoni miaka mitatu, tukala sahani moja. Sasa ni muuguzi. Aliniletea krimu nyeupe katika kikopo kisicho na karatasi ya jina.

"Dada, paka asubui na mangaribi. Ni dawa ya kisasa ya chunusi. Mi naweza kukudanganya, weye?"

Baada ya wiki mbili uso ulikuwa laini kama yai! Nilimwita malaika.

Katika benchi la mwisho aliketi binti kutoka Kasaji, aliyekaa mjini kwa shangazi yake. Daima mkono shavuni, akizificha chunusi zake. Aliponiuliza siri yangu, nilimgawia nusu ya kikopo. Kwa mkono wangu huu huu!

Mwezi wa tatu wa kupaka, mashavu yetu yakaanza kupauka na kuwa mekundu, vidole vikabaki vyeusi. Nilikimbia kwa rafiki yangu.

"Kumbe haukujua?" Alicheka! "Ile ni ya kung'arisha. Ningekuambia, ungekubali? Na uso haikupendeza?"

Alijua! Tangu siku ya kwanza alijua, akanitazama nikimshukuru.

Lakini sikilizeni ubaya wangu mwenyewe. Sikumwonya yule binti, kwa aibu. Mimi nilikuwa na poda ya kujifunika. Yeye hakuwa nayo. Akaitwa mbele ya baraza la nidhamu kwa kosa la kujichubua, na mimi nilikuwa mjumbe wa baraza hilo.

"Krimu ulitosha wapi?" aliuliza mkuu wa shule, akitaka kujua alikoipata.

Binti alinitazama.

"Ku soko, citoyen préfet."

Wenzangu waliinua mikono afukuzwe. Nami nikainua wangu. Ole wangu!

Nilipoacha krimu, uso uliwaka kama pilipili, chunusi zikarudi maradufu. Daktari alinieleza bila kunikaripia: chunusi si uchafu wala laana, mafuta huziba vinyweleo, vijidudu vikazaliana humo. Krimu ile ilituliza uvimbe kwa muda huku ikiichosha ngozi. Alinipa losheni ya peroksidi na vidonge vya kuua vijidudu, akasema dawa ya kweli huchukua miezi. Miezi! Mimi nilitaka wiki mbili.

Nilipanda treni hadi Kasaji, alikorudishwa binti baada ya kufukuzwa. Nilimkuta binti akimenya mihogo, mashavu yamechubuka. Nikapiga magoti, nikaungama yote, nikamwomba aje nami kwa daktari.

"Kwa munganga nitaenda," alisema bila kuacha kisu. "Lakini siku ile, mi nilikuwa nangoja museme."

"Nimekuja kusema, mwanangu."

"Leo? Huku ku mihogo? Museme kule ku masomo, Citoyenne, mbele ya baraza."

Basi nasema kule. Barua yangu kwa mkuu wa shule imeitangulia hii mnayoisoma kwa siku moja: binti arudishwe, na kiti changu cha baraza wapewe wengine. Jibu sijalipata.

Enyi mnaonisoma mbele ya kioo, msipake kisicho na jina, hata kikitoka mkononi mwa rafiki. Na mtu akikunyamazia ili kukuokoa, fungua kinywa upesi, kabla kimya chake hakijampandisha treni.