Mashtaka Dhidi ya Ndovu wa Kasigau

Nilikuwa mtu mzima mwenye ndevu, cheti cha shule ya ngumbaru nimekikunja mfukoni, nilipoamini kwamba wizara mpya ya mazingira huko Nairobi ilikuwa na daftari la ndovu wote wa Kenya. Kila ndovu na ukurasa wake. Akishtakiwa mara tatu kwa maandishi, waziri anatia sahihi, na ndovu anapakiwa kwenye behewa pale stesheni ya Voi, anapelekwa Turkana akajifunze adabu.

Habari hii nilipewa na fundi wangu wa baiskeli, naye alikuwa na ushahidi. Behewa refu lisilo na paa lilikuwa limesimama stesheni wiki nzima.

"Mahindi yanataka paa," aliniambia. "Saruji inataka paa. Sasa niambie wewe uliyesoma, ni mzigo gani usiojali kunyeshewa?"

Nilihesabu mizigo yote niliyoijua, akabaki ndovu peke yake, nikaamini.

Tena nilikuwa na haja ya kuamini. Shangazi yangu, mjane, alilima mahindi na pojo chini ya mlima wa Kasigau, na misimu miwili mfululizo ndovu walikuwa wamevuna kabla yake. Kiongozi wao tulimjua: sikio la kushoto limechanika, pembe moja fupi, na mwili ambao kichwa kikishafika kwenye pojo, mkia bado uko ng'ambo ya mpaka wa shamba. Naibu wa chifu alikuja, akatazama mabua yaliyolala chini, akasema, "Mama, wewe hama tu. Mnyama huyu haambiliki." Na masikio yote yale.

Kuhama maana yake ilikuwa Bomeni, kwa binti yake aliyeolewa huko. Yaani shangazi, aliyenilisha mimi nikawa mkubwa hivi, akale kwa mkwe. Akae kwenye kiti cha wageni mpaka kufa kwake, aombe ruhusa ya kukoroga uji.

"Mimi nimezaliwa hapa," alimjibu naibu wa chifu. "Huyo ndovu naye aonyeshe alikozaliwa." Kisha akashika jembe, akapanda tena mbele ya macho yake.

Mimi nikashika kalamu. Barua ya kwanza kwa waziri niliijaza maneno yote niliyofundishwa ngumbaru, hata yale yasiyohusika. Katika ya pili nilimchora mshtakiwa, mbele na ubavuni, jinsi polisi wanavyofanya kwa wezi. Majibu hayakuja, na sikuudhika hata kidogo. Nilihesabu mashtaka mawili, nikaona limebaki moja tu la kumpandisha treni.

Ndipo tukasikia afisa wa wizara hiyo hiyo anakuja Voi kuzungumza na wakulima. Nikaazima koti. Shangazi akachukua mkebe wa mafuta ya kupikia, akautia kinyesi cha ndovu kutoka shambani kwake, akaufunga kwa kitambaa safi. Tukashuka na lori la mawe, ushahidi ukiwa mapajani mwake.

Afisa alikuwa mwanamke kijana mwenye miwani. Alizungumza vizuri juu ya matuta, miche na chemchemi za milimani, watu wakaitikia. Alipouliza kama kuna swali, nilikuwa nimesimama zamani.

"Keti," naibu wa chifu akaninong'oneza. "Hiyo siyo habari ya leo."

"Nitaketi ndovu akiketi," nikamwambia, na sikunong'ona.

Nikasoma shtaka la tatu kuanzia juu mpaka chini. Ukumbi ulicheka mpaka mabati yakatikisika. Acha wacheke. Katika wote wale, hakuna hata mmoja aliyekuwa amemwandikia waziri, na wengi wao ndovu walikuwa wamewalia mazao vilevile. Nilipofika mahali pa behewa, shangazi akaupeleka mkebe mezani na kuufungua.

Afisa akachungulia. Hakukunja uso.

"Wewe ndiye uliyemchora?" akaniuliza.

"Ndimi."

"Tuliipata ile picha. Tulishindwa kujua tuiweke kwenye faili gani." Akavua miwani. "Ndugu yangu, hakuna daftari. Hakuna behewa la ndovu. Wizara yetu inashughulika na udongo, miti, maji na uchafu. Wanyama wa porini wana wizara yao, na ofisi yao hapa Voi iko ng'ambo ya reli. Barua zako zote umezipeleka mlango usiokuwa wake."

Nikakaa, ndovu akiwa bado hajaketi. Lakini shangazi alibaki pale pale mezani.

"Na kuhama, mwanangu? Huyu naibu anasema nihame. Hiyo nayo ni amri ya wizara yenu, au ya hiyo nyingine?"

Afisa alimtazama naibu wa chifu, naye akawa anachunguza viatu vyake kana kwamba amevipata leo.

"Siyo amri ya mtu yeyote, mama," afisa akasema. "Shamba ni lako. Mimi sina uwezo wa kumhamisha ndovu, wala wa kukuhamisha wewe."

Shangazi akaufunga tena mkebe kwa kitambaa chake, akaniuliza ng'ambo ya reli ni upande gani.